Mimbari ya Mirindani

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, bali zamani ya babu zetu kuvaa kanzu nyeupe kila Jumapili, palikuwa na kanisa la Kimethodisti kijijini Mirindani, kando ya mto Tana. Kuta zake za udongo, paa lake la makuti. Watu walikuja kwa mitumbwi, wakianza kuimba wangali majini. Waliowahi walikaa ndani. Waliochelewa walisikiliza madirishani.

Ndani mlikuwa na mimbari ya mbao nzito. Aliichonga fundi Komora mwaka aliobatizwa, na alipomaliza alisema, "Neno na lisimame hapa, watu walisikie."

Wakalisikia miaka mingi. Walioana mbele ya mimbari ile, wakabatiza watoto, wakawaaga wafu wao.

Kisha mto ukahama. Ukaiacha njia yake ukachimba nyingine mbali, mashamba ya mpunga yakakauka, na watu wakayafuata maji. Leo nyumba hii inafungasha, kesho ile. Jumapili moja madirishani hapakuwa na mtu. Jumapili nyingine mabenchi ya nyuma yakawa matupu.

Mzee Hiribae, mhubiri wa pale, hakuhama. Watu walipokuwa wengi, alihubiri. Walipobaki wachache, alihubiri. Alipobaki na mkewe tu, alihubiri. Na mkewe alipofariki, alifungua mlango, akapanda mimbarini, akayasomea mabenchi Zaburi, akayabariki, akafunga mlango, akaenda zake.

Ukaja mwaka wa mafuriko. Maji yakarudi kwa njia yao ya zamani, kwa kishindo. Mzee Hiribae alikuwa amekwisha kuchukuliwa na wajukuu wake. Mjane mmoja wa wale waliohama, Salome, alikuwa na mtumbwi wake mdogo, anawaendea mbuzi wake waliokuwa wakilia juu ya kichuguu. Alipopita kanisani, akakuta ukuta umebomoka, mimbari imekwama mlangoni, maji yanaivuta. Akawatazama mbuzi. Akaitazama mimbari. Akaifunga kamba, akaikokota hadi nchi kavu. Aliporudi, mbuzi hawakuwapo, wala kichuguu hakikuonekana.

Kanisa halikujengwa tena. Mchungaji akatumwa kulifunga, na alipofika alisema, "Mimbari hii nitamkabidhi mtu mmoja. Anayeitaka aseme."

Mzee Hiribae akasema, "Nipe mimi, mchungaji. Wote walipoondoka, nani alibaki? Kama si mimi, ingekuwa kuni zamani. Nitaiweka barazani kwangu, nihubiri mpaka nitakapoitwa."

Salome akasema, "Mimi sijui kuhubiri. Lakini niliolewa mbele yake, na mume wangu tulimwombea mbele yake kabla ya kumzika. Mbuzi wale ndio waliokuwa wakinilisha. Ningewachagua wao, leo mngegombania nini? Niachieni niione kila asubuhi."

Akasimama Yona, mjukuu wa fundi Komora. Yona alihamia kijiji kipya akaanzisha kanisa lake mwenyewe, la magitaa na vipaza sauti, na vijana wa Mirindani wakajaa huko. Akasema, "Nilipokuwa mtoto nililala chini ya mimbari hii wakati wa mahubiri, huku nanusa mbao alizozichonga babu. Na babu aliichonga ili watu wasikie. Kwangu watu wapo, wanakosa pa kukaa. Barazani itasikilizwa na nani?"

Mzee Hiribae akamnyooshea kidole. "Ni wewe uliyewachukua!"

"Sikuwachukua, mzee wangu. Niliwakuta Jumapili wako kwenye pombe, wamesahau hata nyimbo zako. Sasa wanaziimba."

"Kwa magitaa?"

"Kwa magitaa, mzee. Lakini ni zilezile."

Mzee Hiribae akainamisha kichwa. Salome akafuta machozi kwa ncha ya leso. Mchungaji akapitisha kiganja juu ya mbao, pale mikono ya wahubiri ilipozifanya laini, akamtazama huyu, akamtazama yule. Jua lilikuwa linakwenda, na wote watatu walikuwa wanamsubiri.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, hebu simameni mahali pa mchungaji yule. Yuko aliyebaki nayo, yuko aliyeiokoa, yuko mwenye watu wa kuisikiliza. Je, mimbari ya Mirindani mngemkabidhi nani?