Nani Alimwangusha Nyati wa Nachimbo?

Sikilizeni kesi hii, wakubwa kwa wadogo, maana mwisho wake nitawaomba hukumu.

Kijiji cha Nachimbo kilikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Fundi Chilumba, seremala, alikuwa na jicho la kuona kazi inavyofanyika. Akisimama mahali dakika mbili, anajua mzigo unaegemea wapi na utaangukia wapi. Mwajabu Kalembo, askari wa wanyamapori wa kijiji, hakujua kujidanganya. Akikosea alisema nimekosea, hata kama hakuna aliyemwona. Bakiri Mtepa, askari mwenzake, alikuwa na miguu isiyokimbia. Watani wake walisema huo si ushujaa, ni uvivu.

Ilikuwepo pia bunduki moja ya kijiji, ya kupigia nyati na tembo. Waliiita Mkwe, kwa sababu kila mtu aliisogelea kwa heshima na hakuna aliyependa kukaa nayo muda mrefu. Ukiifyatua, inakupiga teke. Askari mmoja ilimvunja mtulinga. Wengine iliwaachia mabega meusi.

Mwezi wa tano, mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, nyati dume aliingia bondeni. Mguu wake wa nyuma ulikuwa na waya wa mtego uliozama kwenye nyama. Nyati mwenye maumivu hampishi mtu. Jumanne alimuua Mzee Nampota katika jaruba lake mwenyewe. Alhamisi alimkanyaga mkulima mwingine, ambaye alifia njiani akipelekwa zahanati. Bonde likafungwa. Mpunga ulikuwa umebakiza siku kumi kabla ya kupukutika, na Nachimbo haikuwa na chakula kingine cha kuvuka mwaka.

Bi Nampota, mjane, alikuwa ndani ya eda. Akaomba watu waje barazani kwake, akasema nao kupitia pazia la mlango.

“Sina mtoto,” alisema, “na mimi mle sitatia mguu tena. Atakayemwangusha yule nyati, jaruba la marehemu ni lake. Mmesikia?”

“Tumesikia,” watu waliitikia.

Jaruba lile lilikuwa na mlango mmoja wa maji. Ukiligawa, kipande cha chini kinakauka. Chilumba, Mwajabu na Bakiri walikuwa barazani siku hiyo, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na ardhi bondeni.

Daraja la kwenda wilayani lilikuwa limekatika. Ofisi ya wilaya ilitoa kibali kwa simu: muueni wenyewe. Ijumaa asubuhi Bakiri alimpata nyati umbali wa hatua arobaini, amesimama ubavu. Akafyatua mara mbili. Risasi zote mbili zilipita kulia, zikarusha tope. Nyati akaingia kwenye matete. Zikabaki risasi saba.

“Mwaka jana Mkwe alipiga kushoto,” Bakiri aliwaambia watu. “Leo anapiga kulia. Huyu amerogwa.”

Hakuwa amerogwa. Kila mwaka bunduki ile ilijaribiwa kwa namna moja. Askari aliketi kwenye dawati la shule, tumbo likigusa ubao, kitako cha bunduki begani, na kulenga kibao. Mtu aliyeketi hivyo hana pa kwenda. Teke lote linaishia kwenye mfupa. Risasi ya kwanza anavumilia. Ya tatu anafumba macho kabla haijalia, mkono unavuta, risasi inakwenda kushoto. Kisha anachukua nyundo ndogo na kugonga alama ya kulengea ili risasi zirudi katikati. Nyundo ilikuwa ikirekebisha woga wa mtu, si bunduki. Ijumaa ile, mbele ya nyati, Bakiri hakukumbuka bega lake. Mkono wake ulitulia, na bunduki iliyorekebishwa kwa mtu mwoga ikamkosesha.

Hayo yote hayakujulikana bado. Yalianza kujulikana Ijumaa hiyo mchana, Fundi Chilumba alipopita uani kwa jirani yake aliyekuwa akitwanga. Akasimama kumtazama.

“Shemeji, hivi kwa nini hamtwangi mmekaa? Si mngepumzika?”

“Fundi nawe! Ukitwanga umekaa, mchi unatwanga mgongo wako. Mwili lazima uende nao.”

Chilumba akawakumbuka askari walioketi kwenye dawati, Mkwe begani. Alikwenda moja kwa moja karakana, akachukua boriti yake ya mninga, ambayo ilikuwa imekauka miaka miwili ikisubiri kuwa fremu ya mlango wa nyumba yake. Akaikata. Akachimbia nguzo mbili kwenye kiwanja kando ya mlima, akatoboa matundu ya kupandishia na kushushia, akapitisha boriti kwa urefu wa kifua cha mtu aliyesimama. Juu akaweka mfuko wa mchanga wa kulazia bunduki. Pembeni akaongeza kipande cha kuegemeza kiwiko.

Bakiri alikuja, akazunguka mara mbili.

“Mtani, umetutengenezea pa kuanikia nguo?”

“Nitakuanika wewe, mtani. Bunduki imelala hapo, haitetemeki. Wewe umesimama, teke likija unarudi nalo nyuma. Halina haja ya kukuvunja.”

Jumamosi, Mwajabu ndiye aliyeshika bunduki. Kibao kiliwekwa hatua hamsini. Alisimama wima, kiwiko kwenye kipande, akafyatua. Mwili ulirudi nusu hatua. Risasi ilitoboa ukingo wa kushoto wa kibao.

Bakiri akanyanyua nyundo.

“Weka chini,” Mwajabu alisema. “Nimefumba macho. Hiyo msiihesabu.”

“Dada, tulikuwa na risasi saba!”

“Na sasa ni sita. Lakini hiyo ni yangu, si ya bunduki.”

“Mwenzio nyati hana haja ya kungoja uungame.”

“Basi nenda kamwambie aje.”

Alivuta pumzi, akafyatua tena. Risasi ilipiga kulia, kiganja kizima kutoka katikati. “Hii ya kweli,” alisema. Ya tatu iliingia vidole viwili kutoka pale ilipoingia ya pili. Ndipo alipoomba nyundo. Akagonga alama kidogo kuelekea kushoto. Risasi ya nne ilikaribia katikati. Akagonga tena, mara moja, taratibu. Ya tano ilitoboa katikati ya kibao.

Zilibaki mbili. Mwajabu alizungusha mkono wake wa kulia. Bega liliuma, lakini lilizunguka. Kwenye dawati hakuna askari aliyewahi kufika risasi ya tano.

Bakiri alimwuliza, “Kesho unaingia wewe?”

“Mkwe namjua sasa. Ila na miguu yangu naijua. Itakimbia. Ingia wewe.”

Jumapili, jua limeshapanda, Bakiri aliingia bondeni. Mpunga ulimfika kifuani. Mwajabu alimfuata kwa mbali, Chilumba na watu wengine wakabaki kwenye tuta. Waliona matete yakitikisika. Nyati alitoka akiwa hatua thelathini, kichwa juu, akichechemea, kisha akaacha kuchechemea, akaja mbio.

“Piga!” mtu alipiga kelele kutoka kwenye tuta.

Bakiri hakupiga. Alimngoja afike hatua ishirini. Risasi ya kwanza iliingia kifuani, pale pale alipolenga. Nyati hakusimama. Watu waliokuwa kwenye tuta walianza kukimbia, naye Mwajabu akageuka akakimbia. Bakiri alivuta komeo la bunduki, ganda likaruka, akasukuma risasi ya mwisho. Alifyatua kati ya macho. Nyati alianguka hatua nne mbele yake.

Waliporudi walitazama tope. Pale alipofyatulia, nyayo za Bakiri zilikuwa jozi moja tu, zimezama, hazikusogea mbele wala nyuma.

Jioni ile walikuwa barazani kwa Bi Nampota.

“Ulisema atakayemwangusha,” Bakiri alianza. “Mama, kuangusha hakuna tafsiri. Ameanguka mbele yangu. Angenifikia, ningezikwa mimi, si boriti.”

Chilumba akacheka. “Ijumaa ulikuwa na miguu hiyo hiyo na bunduki hiyo hiyo, tena nyati amesimama kama anapigwa picha. Mbona hakuanguka? Kilichoongezeka ni boriti yangu.”

“Boriti haisemi,” Mwajabu alidakia. “Angesimama pale mwingine, akafumba macho, akagonga nyundo kwa risasi ile ya kwanza, leo Mkwe angepiga kulia zaidi ya Ijumaa. Bakiri angekuwa kaburini na miguu yake.”

“Bila boriti ungeweza?” Chilumba alimwuliza.

Mwajabu alishika bega lake. “Nisingeweza. Lakini na wewe, fundi, ulifyatua risasi ngapi?”

“Na nyie wawili mlikuwa wapi alipofika hatua nne?” Bakiri aliuliza.



Mtu mmoja akashauri walime kwa zamu, mwaka mmoja kila mtu. Bi Nampota alikataa nyuma ya pazia.

“Jaruba la zamu halina mwenyewe. Tuta likibomoka, kila mtu atasema si mwaka wangu. Mwaka wa pili ni ziwa la vyura. Mume wangu alikufa humo, siwezi kuliacha liwe hivyo. Mpunga wa mwaka huu gaweni mafungu matatu. Ardhi naitoa kwa mmoja. Nilisema atakayemwangusha, na neno langu sikulitia wingi.”

Akaomba jina kabla ya swala ya alfajiri. Watu wa Nachimbo wakatazamana, mpaka wa leo hawajaafikiana walipaswa kumpelekea lipi.

Yupo aliyetoa mlango wa nyumba yake ili bunduki ipate pa kulala. Yupo aliyeukiri woga wake mbele ya watu ili bunduki iseme kweli. Yupo aliyesimama.

Mama yule anangoja jina moja. Ninyi mngemtajia nani, na wale wawili mngewaambia nini?