Kuchakulo Aenda Maonyesho ya Akiba

Paukwa!

Pakawa!

Nyie watu wazima huko nyuma, mbona midomo imefungwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani, kabla Fisi hajajua kucheka, alikuwepo Kuchakulo, yule kindi wa ardhini, mama wa watoto sita. Kila msimu alijaza kapu la kunde za kula kiangazi. Kila kiangazi alilifungua akakuta vumbi. Fukusi, vile vidudu vya ghalani, wamekula! Watoto wanalia njaa, na yeye analia nao.

Siku moja Kasuku akapita akipiga kelele: "Maonyesho! Maonyesho ya kukuza akiba! Kesho kiwanjani! Kiingilio bure!"

Mumewe Kuchakulo akaguna. "Usiende, mama watoto. Huko wamejaa matapeli."

"Nisipokwenda tutakula nini? Vumbi?"

"Basi nenda. Lakini kapu linabaki."

"Linabaki, baba watoto."

Akaenda, chwa chwa chwa! Kiwanjani ngoma zinalia, ti-ndi! ti-ndi! Kila mgeni anapewa kofia ya jani la mgomba. Kuchakulo akachukua mbili. Msimcheke, hata nyie mngechukua!

Jukwaani kasimama Mbweha na miwani isiyo na vioo.

"Nipe kapu moja," akasema, "msimu ujao nakupa makapu kumi! Mnataka?"

"Tunatakaaa!"

"Ni leo tu! Jua likizama, nimefunga!"

Ngedere akatoa kapu lake. Kanga akatoa lake. Moyo wa Kuchakulo ukapiga du, du, du. Makapu kumi! Akasahau ahadi, akatimua mbio kwenda nyumbani kulileta lake.

Akapitia nyuma ya jukwaa. Hapo, juani, Sisimizi alikuwa ameanika kunde, anazipindua moja moja.

"Shikamoo, bibi. Mbona huna meza ya maonyesho kule mbele?"

"Marahaba, mwanangu. Meza ghali. Na hizi si zangu, ni za Mbweha."

"Za Mbweha? Hajaziweka kwenye yale makapu kumi?"

Sisimizi akacheka mpaka akakaa chini. "Zake? Thubutu! Zake ananiletea mimi. Naanika siku tatu, nachanganya na majivu, nafukia pakavu. Fukusi hapiti!"

Kuchakulo akaacha mbio za kufuata kapu. Akaona aibu, akaona na furaha. Akaketi. "Bibi, majivu kiasi gani?"

Akafundishwa, akakariri, kisha akarudi kiwanjani kuwaonya wenzake. Ngedere akamfukuza: "Wivu tu! Kapu lenyewe huna!"

Jua likazama. Mbweha akafunga mizigo, pyuuu! Hakuonekana tena.

Kiangazi kikafika. Kuchakulo akafungua kapu alilolitia majivu. Kunde nzima! Ngumu! Watoto wakala, wakashiba, wakalala.

Asubuhi Ngedere akaja, mtoto mgongoni, macho chini. "Dada, nilikutukana."

"Ulinitukana, na iliniuma. Leta bakuli."

Akampimia kunde za kula. Akamfungia na majivu ya kuhifadhia akiba ijayo.

"Maonyesho hayafai!" akalia Ngedere.

"Yanatulisha mimi na wewe leo," akasema Kuchakulo.

Basi, wanangu, na nyie wakubwa wenye ndevu: maonyesho nendeni, mkaulize, mkajifunze. Lakini kabla hujampa mtu akiba yako, tazama kwanza ya kwake ameiweka wapi.

Hadithi yangu imechoka miguu, imeketi papa hapa. Anayetaka kuinyanyua, aibebe mwenyewe.