Breki ya Mbele

Wenye pikipiki zile zilizopangwa pale nje kando ya ukuta, leo mnivumilie, mfano huu nimeuchukua kijiweni kwenu. Na ninyi mliokuja mmepakiwa nyuma msianze kucheka. Tusikilizane.

Kulikuwa na dereva bodaboda mmoja, mtu wa milimani, kule ambako ukitoka mlangoni kwako ama unapanda ama unashuka. Alikuwa na mke muuza nyanya. Kila asubuhi, kabla hajaenda kijiweni, alimpakia mkewe na tenga lake akamshusha sokoni. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ya siku, na aliipenda.

Sasa dereva huyu alikuwa na imani moja, na wengi wenu mnaijua, msijifanye wageni. Kaka yake, aliyemfundisha kuendesha, alimwambia: "Breki ya mbele usiiguse. Ile inarusha mtu." Basi mtu wetu hakuishia kutoigusa tu. Siku pikipiki ilipotoka dukani alichukua spana, akalegeza nati ya waya wa breki ya mbele, ili hata vidole vikijisahau vikaminya, isishike. Akawa anasimama kwa breki ya mguu peke yake, mwaka unaingia, mwaka unatoka. Nawauliza, mtu anayeshuka mlima na nusu ya breki anamtegemea nani? Msiniambie anamtegemea Mungu. Breki alipewa mbili.

Siku moja wakiwa wanashuka, yeye na mkewe, mbuzi wakakatiza. Akakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zake zote. Gurudumu la nyuma likateleza, pikipiki ikaenda upande, wakaacha barabara, wakaingia kwenye shamba la mtu. Hakuna aliyeumia. Yule mama akashuka, akaokota nyanya zake moja moja, akajitwisha tenga, akaenda sokoni kwa miguu. Jioni ndipo aliposema.

"Baba Atu, pikipiki yako mimi sipandi tena."

"Mama Atu, si tulisimama salama?"

"Hatukusimama. Mahindi ya watu ndiyo yaliyotusimamisha. Nenda kwenye yale mafunzo ya usalama kule mjini, ukajifunze kama wenzako wanavyojifunza. Ukirudi na cheti nitapanda. Bila cheti nitatembea."

Na kweli akatembea. Kila asubuhi mume anapita na kiti kitupu, mke yuko pembeni ya barabara na tenga kichwani. Wenzake kijiweni wakaanza kumuuliza kama nyumbani kuna amani. Jamani, aibu ile ilimuuma kuliko jeraha. Akasema moyoni, mimi nakwenda, na nikienda sirudi mikono mitupu.

Akajiandaa, na hapo nampa sifa zake. Ile helmeti yake ambayo mkanda wake ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, akaitupa, akanunua inayokaa kichwani sawasawa. Kandambili akaziacha, akavaa viatu vya kufunga. Jioni mkewe akimenya ndizi, yeye anakaa karibu na moto na kijitabu cha alama za barabarani, mke anauliza, mume anajibu.

"Hii yenye ng'ombe ndani ya pembetatu?"

"Mbele kuna mifugo."

"Ukiiona unafanyaje?"

"Napunguza mwendo."

"Kwa breki ipi?"

Mume akafungua ukurasa mwingine. Yule mama akaendelea kumenya ndizi zake.

Akaenda. Mkufunzi alikuwa mwanamama mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mafunzo yalifanyika kwa pikipiki za chuo, kwenye uwanja wa changarawe, na za wanafunzi ziliachwa nje ya geti. Zoezi lilikuwa hivi: mbele yako limewekwa beseni la plastiki. Unakuja kwa kasi, ukifika kwenye mstari unafunga breki zote mbili, ya mguu na ya mbele, na beseni usiliguse.

Mtu wetu akainua mkono. "Mwalimu, ya mbele mimi siigusi. Inarusha."

"Imekurusha lini?"

"Mimi bado."

"Umewahi kuitumia?"

"Hapana."

"Kwa hiyo unakiogopa kitu usichokijua," akasema mkufunzi. "Sikiliza, kaka. Ukifunga breki, uzito wote unahamia mbele. Gurudumu la mbele ndilo linalobana ardhi kuliko la nyuma, ndilo litakalokusimamisha. Linamrusha yule anayeinyaka breki kwa woga, au anayeifunga katikati ya kona. Wewe usiinyake. Nyoosha pikipiki, tazama mbele, halafu ikamue kama unavyokamua ng'ombe. Ng'ombe ukimvuta kwa papara atakupiga teke. Ukimkamua kwa utaratibu atakupa maziwa."

Akapanda. Akaja kwa kasi, akafika kwenye mstari, na vidole vikakataa. Beseni likapasuka. Akarudia, safari hii akaogopa, akainyaka, akaanguka, viganja vikachubuka. Vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari barabarani walikuwa wameshafaulu, wamekaa kivulini wanakunywa soda na kumtazama. Mkufunzi akamwambia, "Pumzika, kaka."

"Narudia," akasema.

Akapasua beseni jingine. "Narudia." Akaanguka tena, akajikung'uta magoti. "Narudia, mwalimu." Wale vijana wakaacha kucheka, wakasimama. Ndugu zangu, mtu mzima anayekubali kuanguka mbele ya watoto ili ajifunze kitu kipya, huyo ni mtu wa kuheshimiwa, na nataka mmheshimu. Akarudia mpaka vidole vikakubali. Pikipiki ikaja, ikainamisha pua, ikatulia palepale, beseni liko mbele yake zima. Uwanja mzima ukapiga makofi.

Siku ya vyeti mkufunzi akawaambia neno la mwisho. "Mmefaulu kwa pikipiki zangu. Sasa kila mmoja akakague ya kwake kabla hajambeba mtu."

Mtu wetu akasema, "Mwalimu, yangu ni nati moja tu. Naikaza leo leo." Na alimaanisha, msimwone mwongo. Wangapi hapa tumewahi kusema jambo kwa moyo wote na bado hatukulifanya?

Akafika nyumbani. Vigelegele. Mke akachinja kuku. Cheti kikatiwa kwenye fremu, akatafuta nyundo na msumari, akakitundika ukutani mahali ambapo kila anayeingia lazima akione. Nyundo ilipatikana jioni ileile. Spana ilikuwa chini ya kiti cha pikipiki, pale pale alipoiweka mwenyewe, akasema hiyo kesho. Kesho ikaja na abiria. Kesho kutwa ikaja na abiria pia.

Na kijiweni akawa mwalimu. Akikaa tu, wenzake wanamzunguka. Anawaeleza uzito unavyohamia mbele, anawaonyesha vidole vinavyokamua, anawasimulia habari za beseni. Alieleza vizuri mno, na wakamwita Mwalimu. Mmoja wao, dereva mpole asiye na maneno mengi, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, niazime spana." Mwalimu akamtolea ile ya chini ya kiti. Yule mpole akapiga magoti palepale vumbini, akakaza nati yake, maana naye alikuwa ameilegeza, akaenda kujaribu uwanjani mpaka vidole vyake vikaizoea. Akairudisha spana, akashukuru. Mwalimu akaipokea, akairudisha chini ya kiti.

Na yule mama? Alitimiza ahadi. Asubuhi iliyofuata baada ya cheti kutundikwa, alivaa kanga yake nzuri, akampa mumewe tenga alifunge, akapanda. Akamshika kiunoni bila wasiwasi. Siku zikaenda, barabara ikiwa kavu, breki ya mguu ikitosha, na hakuna lililotokea.

Ikaja asubuhi ya manyunyu. Wanashuka, mume na mke na nyanya. Mbele yao anashuka yule dereva mpole, peke yake. Ndama akachomoka kwenye ukingo, akasimama katikati ya barabara. Yule mpole akanyoosha pikipiki, akaikamua, akasimama. Ndama hata hakuguswa.

Mwalimu nyuma yake akafanya vilevile. Akanyoosha pikipiki. Macho mbele. Mguu ukakanyaga, vidole vikakamua, taratibu, sawasawa kabisa. Hakukosea hata kidogo, mkufunzi wake angekuwapo angempigia makofi. Vidole vikaikamua breki mpaka ikagusa mshikio, na haikushika kitu. Gurudumu la nyuma likateleza kwenye matope, na mwalimu akamgonga mwanafunzi wake aliyekuwa amesimama kama alivyofundishwa. Yule mpole akaangukia upande wa juu. Yule mama akarushwa mtaroni, na pikipiki ikamwangukia mguuni.

Yule mpole akainuka mbio, wakaiondoa pikipiki wakisaidiana. Ndipo akauliza, na aliuliza kwa mshangao tu, hakuwa na ubaya.

"Mwalimu, hukushika ya mbele?"

"Nimeshika."

"Mbona haikushika?"

Mwalimu akautazama ule waya uliolegea. Yule mpole naye akautazama. Kisha akageuza uso, maana alikumbuka spana aliyoazima.

Mguu wa mama ulivunjika. Hospitalini, bandeji ngumu ikiwa imefika mpaka pajani, mume amekaa pembeni ya kitanda analia. Mke akamwambia, "Baba Atu, usiulilie mguu, mguu utapona. Lakini nikuambie kinachoniuma. Mimi nilikuwa natembea. Nilipanda kwa sababu ya kile cheti. Ungeniambia kwamba nati hujaikaza, ningeendelea kutembea, na leo ningekuwa sokoni."

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusamehe. Sasa kaniletee ile spana. Itakaa hapa chini ya mto wangu, na siku nikitoka, nati ile naikaza mimi kwa mkono wangu."

Mnaona mwanamke huyo? Mguu umevunjika, nia haikuvunjika.

Sasa tuje kwetu sisi. Nani kati yetu anaweza kusema hajafundishwa? Tumefundishwa mpaka tumefundisha wengine. Mguse yeyote hapa habari ya kusamehe, atakueleza mpaka chakula kipoe. Mguse habari ya kuacha pombe, kuacha mkono mwepesi wa kupiga, kumrudishia jirani mpaka wa shamba uliousogeza, tunajua, tunajua kabisa. Vidole vyetu vimefundishwa vizuri. Na tukifika mahali pa kuteleza tunaikamua imani, tunashangaa haishiki, tunamuuliza Mungu mbona ametuacha. Hajakuacha. Alikupa breki ukailegeza, na tangu siku uliyojua ukweli hujaikaza.

Na linaloniogopesha zaidi ni huyu aliyekaa nyuma yetu. Aliyepakiwa nyuma hauoni waya. Anaona cheti. Anaona sare ya kwaya, anaona mzee wa kanisa, anaona mama kiongozi wa maombi, anasema hapa pana usalama, napanda. Yule binti aliyekubali kuolewa nyumbani kwenu alipanda. Mtoto anayekushika mkono mkija hapa amepanda. Mgonjwa aliyekuambia siri yake kwa kuwa wewe ni mtu wa sala amepanda, tena amekushika kiunoni bila wasiwasi. Yule wa mfano wetu alivunja mguu. Hawa wetu tukiwamwaga mtaroni, watavunja nini?

Msiniambie mtaanza kesho. Kesho ya yule dereva mmeiona ilivyokuja. Wala sisemi mwende mkajifunze zaidi, maana kujifunza si tatizo letu. Kila mmoja anaijua nati yake, anajua ilipo na anajua ni nani aliyeilegeza.

Nilikuwa nimepanga kwaya isimame tufunge kwa wimbo. Haisimami. Kuna ndugu wawili humu ndani hawasalimiani kwa sababu ya shamba la mama yao, wamekaa upande mmoja na upande mwingine, na wote wawili wamefundisha Shule ya Jumapili. Kuna baba hapa na mwanawe wameketi benchi moja na hawajasemezana tangu mavuno. Siwataji, mnajijua. Nati ni moja tu, na aliye karibu nayo ni wewe. Inuka uende kwake sasa hivi, mbele yetu sote, na ukianguka mbele ya watoto, anguka, kisha useme narudia. Amina yangu naishikilia hapa mdomoni, na sitaitoa mpaka nione mtu wa kwanza ameinuka.