Bomba la Isyeto

Kitanda kilichotandikwa shuka safi humvutia kila apitaye mlangoni. Mpita njia atakisifu na kuondoka, lakini aliyelala humo ndiye anayejua kwa nini hakupata usingizi. Wazee wetu waliliona jambo hilo, wakatuachia methali isemayo kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maana yake ni kwamba shida ya mahali huijua yule anayeishi nayo, na mwingine akitaka kuisema hana budi kumwuliza kwanza. Kisa hiki kilichotokea wilayani Rungwe kinaithibitisha.

Mwaka 1973 alikuwapo mjini Tukuyu kijana mmoja aitwaye Zuber, mwana wa muuza nguo. Hakusoma zaidi ya darasa la nane, lakini alijifundisha mwenyewe kupiga taipu kwa kunakili magazeti ya zamani, mpaka vidole vyake vikawa vyepesi kama vya mchuma chai. Mbunge wa huko, Ndugu Jotham, alimwajiri amwandalie karatasi ya kila mwezi iitwayo Habari za Jimbo. Ilikuwa na kurasa mbili tu, zilizorudufiwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Humo wananchi walisoma ni shule gani imeezekwa mabati, ni daraja gani limejengwa kwa kujitolea, na ni kijiji gani kimevuna pareto nyingi kuliko vingine. Watu waliipenda, kwa maana kila mtu hufurahi kuona kijiji chake kimeandikwa.

Mwezi wa Machi habari kubwa ilitoka kijiji cha Isyeto, katika vilima vya Lufingo. Wananchi walikuwa wamechimba mtaro kwa majembe yao kutoka kwenye chemchemi ya juu, Serikali ikatoa mabomba ya chuma, na maji yakafika kijijini. Katibu wa kijiji, Ndugu Ackson, alileta taarifa yake ofisini, imeandikwa kwa wino wa buluu na mwandiko mzuri. Zuber hakuwahi kufika Isyeto. Aliisoma taarifa, akaipamba kidogo, akaandika:

"Akina mama wa Isyeto sasa wamesahau njia ya mtoni. Maji yako mlangoni mwao, matamu na baridi. Kwa kuwa kijiji hiki kimekwisha kutoshelezwa, mabomba yaliyobaki yatapelekwa Isongole, mara Kamati ya Maendeleo ya Wilaya itakapoidhinisha katika mkutano wake wa Alhamisi ijayo."

Ndugu Jotham aliisoma akacheka kwa furaha. Nakala moja aliipeleka Mbeya mwenyewe.

Jumatatu ya juma la mkutano ule, mwanamke mmoja aliingia ofisini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji na kuning'inizwa shingoni kwa kanga. Wa kulia ulishika karatasi ya Habari za Jimbo.

"Mwandishi ni nani hapa?" aliuliza.

"Ni mimi, mama. Karibu ukae."

"Naitwa Tusekile, natoka Isyeto. Nimekuja hospitali kuonyesha mkono, nikasema nipite." Aliitandaza karatasi mezani. "Mwaka huu nimejifunza kusoma, darasa la watu wazima. Kitu cha kwanza nilichokisoma mwenyewe, bila mwalimu kunishika kidole, ni hiki. Hapa umesema nimesahau njia ya mtoni."

"Ndiyo, mama."

"Mkono huu nimeuvunjia kwenye njia hiyo. Alhamisi iliyopita."

Zuber alitazama bandeji, akaitazama karatasi. "Bomba limeharibika?"

"Bomba ni zima. Wanaokunywa wanasema maji yake ni matamu. Mimi sijayaonja."

"Kwa nini, mama?"

Tusekile alimkazia macho kwa muda, kama mtu anayepima kama mzigo utafaa kichwa kilichoko mbele yake. "Nikikueleza utaandika ulivyosikia, kama ulivyofanya mwanzo," alisema. "Njoo uone. Ila uje kabla ya Alhamisi. Mabomba yakishakwenda Isongole hayarudi, na mimi nina mkono mmoja tu uliobaki."

Kesho yake asubuhi Zuber alifunga baiskeli kamba ya akiba, akaanza safari. Tusekile, aliyelala kwa dada yake mjini, alitembea kando yake, naye Zuber akaikokota baiskeli kwa adabu. Mvua za Rungwe hazina ratiba. Walinyeshewa mara mbili, wakakauka mara moja. Kabla ya adhuhuri walifika kwenye shamba la migomba, na hapo Tusekile akasimama.

"Bomba liko kule mbele, uwanjani kwa baba wa mume wangu," alisema akionyesha kwa kidevu. "Nenda."

"Na wewe?"

"Mimi mwisho wangu ni hapa."

Zuber alidhani amechoka. Akaenda peke yake. Mbele yake palikuwa na uwanja uliofagiwa, na pembeni yake nyumba ya Mzee Nsajigwa, aliyetoa ardhi yake kwa ajili ya bomba. Bomba lenyewe lilisimama katikati, juu ya msingi wa saruji, limenyooka kama askari wa gwaride. Wazee sita walikuwa wameketi kulizunguka kwenye vigoda vyao, wakiongea. Zuber aliinama chini. Bomba linalochotewa na kijiji kizima huzungukwa na matope na alama za ndoo. Hili lilizungukwa na majani mabichi, na majani hayo hayakuwa yamelala.

"Mugonile," aliwaamkia kwa Kinyakyusa alichokiokota dukani kwa baba yake.

Wazee walicheka kwa kuridhika. "Mtoto wa Mswahili ametuamkia vizuri kuliko wajukuu zetu," alisema Mzee Nsajigwa. "Kaa, mwanangu. Unywe maji kwanza. Mimi ndiye mwenye ufunguo. Usiku nalifunga kufuli watoto wasichezee."

Zuber alikunywa. Maji yalikuwa matamu kweli. "Tata," aliuliza, yaani baba, "nani alichagua mahali hapa?"

"Sisi. Fundi alituuliza, tukamwonyesha. Kitu cha heshima huwekwa mahali pa heshima. Hapa ndipo wazee tunapokaa tangu asubuhi mpaka jua linazama."

"Na akina mama huja kuchota saa ngapi?"

"Akina mama?" Mzee Nsajigwa aliwatazama wenzake. "Huja. Jana alikuja nani?"

"Jana alikuja mjukuu wangu, alipotoka shule," alisema mmoja. "Na kindoo chake."

"Mimi nilimwona bibi mjane," alisema mwingine.

"Na mke wa mwanao?" Zuber alimwuliza Mzee Nsajigwa.

Wazee walishtuka, kisha wakaguna kwa kicheko. "Ah, mwanangu, wewe ni wa mjini," alisema Mzee Nsajigwa kwa upole. "Mkwe wangu ana adabu. Hawezi kupita nilipo mimi, wala mimi sipiti alipo yeye. Ndiyo desturi yetu. Hata jina langu halitaji. Wake wa vijana wote wa hapa wana adabu hiyo. Hapana hata mmoja anayeweza kukanyaga uwanja huu."

Alipomaliza kusema maneno hayo aliligeukia bomba. Mzee aliyekuwa akitia tumbaku katika kiko aliiacha mikono yake hewani.

"Tata," alisema Zuber taratibu, "mke wa mwanao nimekuja naye. Yuko kule kwenye migomba. Amevunjika mkono akipanda kutoka mtoni."

Mzee Nsajigwa, kwa heshima, aliugeuza uso wake upande usio na migomba. "Mwanangu aliniambia ameanguka. Mtoni alifuata nini?"

"Maji."

Maji yalidondoka tone moja moja kutoka kwenye bomba.

"Sasa, Nsajigwa," alisema hatimaye yule mwenye kiko, "miezi miwili tumekaa hapa tukililinda bomba lisiibwe na wenye maji yao."

Wakacheka, lakini kicheko hicho hakikuwa kirefu. Zuber alirudi kwenye migomba. Alimwuliza Tusekile kama waume hawawezi kuwachotea.

"Mume wangu abebe ndoo?" Tusekile alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Wenzake wangemcheka mpaka Kiwira wasikie. Na mimi sitaki kuvunja heshima ya mzee. Ni mtu mwema. Nataka bomba jingine huku nyuma, ambako wanawake tunapita. Nimepima mwenyewe kwa hatua. Kutoka kwenye mtaro mpaka hapa nilipokanyaga ni hatua mia moja na arobaini."

Zuber hakumkatalia, wala hakumkubalia kwa mdomo. Alipima kwa hatua zake, kisha kwa kamba ya baiskeli. Jibu lilikuwa moja: futi mia tatu na hamsini, yaani mabomba kumi na manane ya futi ishirini. Akaandika katika daftari lake, akaaga.

Jumatano asubuhi alimkuta Ndugu Jotham ofisini akipitia hotuba. Akamweleza yote tangu mwanzo, bila kuongeza chumvi. Uso wa Mbunge ulikunjamana kama ngozi iliyoanikwa juani.

"Zuber, karatasi hii imefika Mbeya. Nimepongezwa nayo. Kesho nisimame mbele ya Kamati niseme tulisifu majani?"

"Majani yapo, Ndugu Mbunge. Niliyaona kwa macho yangu."

"Mimi nilikuwapo siku ya kulifungua. Wanawake waliimba."

"Walisimama wapi wakiimba?"

Ndugu Jotham alifikiri. "Mbali. Kwenye migomba. Nilidhani wananiheshimu mimi." Akaiweka kalamu chini. "Tutarekebisha katika toleo lijalo."

"Toleo lijalo ni mwezi ujao. Mabomba yanagawanywa kesho."

"Wewe ndiye uliyeandika."

"Ni mimi," alikiri Zuber. "Niliandika habari za mahali ambapo mguu wangu haujafika. Kwa hiyo nitapiga taipu marekebisho leo hii, nami nitaweka jina langu chini yake. Ukinifukuza kazi sitanung'unika. Ila naomba uende nayo mkutanoni."

Mbunge aliinuka akaenda dirishani.

"Mama yangu," alisema Ndugu Jotham bila kugeuka, "alikuwa akizunguka shamba zima la migomba kwenda kisimani, ili asikutane na babu. Nilikuwa namfuata nimeshika kanga yake. Miaka yote hiyo nilidhani anapenda kutembea." Kisha akageuka. "Andika. Lakini ukiweka jina lako peke yako, watasema Mbunge hana habari na jimbo lake. Langu litangulie."

Alhamisi, mbele ya Kamati, Ndugu Jotham aliisoma karatasi ile kwa sauti yake kubwa, tangu mstari wa kwanza mpaka majina mawili yaliyo chini. Mjumbe mmoja alicheka, akauliza inakuwaje mtu aliyezaliwa Rungwe asijue desturi za Rungwe.

"Ninazijua," alijibu Mbunge. "Nazijua kwa upande wa wanaokaa kwenye vigoda. Upande wa wanaozunguka nilikuwa sijauuliza."

Mabomba yaliyobaki yalikuwa hamsini. Kumi na manane yalirudi Isyeto, na thelathini na mawili yakaenda Isongole. Huko nako Kamati iliagiza kwamba kabla ya fundi kuchimba, wanawake waulizwe wanataka maji yatokee wapi.

Siku ya kuchimba, Mzee Nsajigwa aliwachukua wazee wenzake tangu alfajiri, wakaenda kuketi kilima cha pili, ili wake wa vijana wao wafanye kazi kwa nafasi. Mtaro ulikamilika kwa siku mbili. Juma lililofuata Zuber alifika tena na daftari lake. Nyuma ya migomba alikuta ndoo zimepangwa foleni, vyungu vimepangwa foleni, na matope yamefika kwenye vifundo vya miguu. Wanawake walikuwa wakitaniana kwa sauti ambazo hakuwahi kuzisikia uwanjani kwa wazee.

"Mwandishi, umekuja kutusifu tena?" mmoja aliuliza, wenzake wakaangua kicheko.

"Nimekuja kuuliza niandike nini," alijibu Zuber.

Tusekile, ambaye mkono wake ulikuwa ungali umefungwa, alimsukumia ndoo kwa mguu. "Kwanza jitwike hii mpaka nyumbani kwangu. Ukifika, utajua mwenyewe la kuandika."

Zuber alijitwika. Nusu ya maji ilimwagikia shatini na nusu ikafika, na wanawake wakamsindikiza kwa vigelegele mpaka mlangoni. Jioni ile ile, nguo zikiwa hazijakauka, aliandika habari fupi kuliko zote alizowahi kuandika, na hapana mtu wa Isyeto aliyekuja kuikanusha. Tangu siku hiyo hakuandika sifa ya kijiji chochote kabla hajafika, akakaa, akawauliza wanaoishi humo, kwani alikuwa amekwisha kuamini kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.