Mwiko wa Zimwi

Sogeeni karibu, na anayetafuna ameze kwanza.

Mwanaidi aliolewa na Mwinyikai, mwanamume aliyemaliza sahani nzima huku akiitukana. Siku moja alimmwagia mkewe mapajani mchuzi unaofuka mvuke, eti umepoa. Mwanaidi akabeba mabaki hadi kisimani, akaketi kulia. Zimwi jike likatoka majini, likala yale mabaki, likalamba vidole.

"Tamu, mwanangu," likasema. "Chukua mwiko huu, upikie. Lolote mumeo atakalosema juu ya chakula chako, litakuwa. Ila mwiko huu una mwiko wake: usimwonye."

"Nimwonye ya nini?" akasema Mwanaidi.

Akapika wali. Mwinyikai akatia tonge mdomoni. "Huu si wali, ni changarawe." Jino likavunjika. Mwanaidi kimya.

Akakaanga samaki. "Huyu si samaki, ni miiba mitupu." Miiba ikamkwama kooni, akakohoa damu. Mwanaidi kimya.

Akapika kuku wa nazi, harufu ikafika kwa majirani. Safari hii Mwinyikai alitaka kusifu, lakini mazoea yakamzidi. "Kuliko kuku huyu, heri nitafune ulimi wangu."

Akautafuna, akaumeza.

Mwanaidi akamsogezea bakuli. "Chumvi imekolea, bwana?"

Mwinyikai akaitikia kwa kichwa, machozi yakidondokea mchuzini.

Ngano yangu nimeshaipakua. Anayeona haina chumvi, aseme tu. Mwiko ule ninao mimi.