Mafuta ya Kurudia

Ndugu zangu, nawaomba mtulie kidogo, maana mfano wa leo si wa kuchekesha.

Alikuwepo mkulima mmoja wa viazi, mtu wa milimani, huko ambako ukungu hauondoki mashambani mpaka jua liwe limepanda. Alikuwa mtu mwema. Lishikeni hilo tangu sasa, kwa sababu tukimfanya mbaya, mfano huu hautatugusa. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, na kanisani kwao alikuwa mzee wa kanisa anayeaminiwa funguo. Baada ya miaka mingi ya kulima na kuuza, Mungu alimjalia akanunua pikapu. Si yale magari makubwa ya wakubwa, wala si vile vigari vidogo vya kubebea maji mjini. Ilikuwa pikapu ya ukubwa wa kati, yenye viti vya mbele na vya nyuma, na bodi ya kutosha kupakia magunia. Na ilikuwa ya otomatiki.

Aliyemuuzia alimkalisha kwenye usukani akamwelekeza.

"Mzee, hili halina klachi. Gari linajibadilishia gia lenyewe, wewe unaliambia kwa mguu tu. Ukikanyaga mafuta taratibu, litapanda gia moja moja mpaka ile nyepesi ya mwisho. Injini itazunguka polepole na mafuta yatakaa. Ukikanyaga mpaka chini, litajua una shida. Litarudi kwenye gia nzito, litanguruma, litakupa nguvu zote lililonazo. Ila hapo litakunywa."

Alimwambia mambo mawili, na yote mawili yalikuwa kweli. Yule bwana akaondoka na moja.

Tusimlaumu haraka. Kijijini kwao hapakuwa na kituo cha mafuta. Kilikuwa mjini, ng'ambo ya mlima, na mara nyingi ukifika unakuta pampu zimefungwa kamba, mafuta hayajaletwa. Kwa hiyo akajifunza kuendesha kwa mguu mwepesi, kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto mchanga. Kwenye dashibodi palikuwa na kitaa cha kijani kilichowaka kila gari lilipotumia mafuta kwa kiasi, naye alikipenda kitaa kile. Wenye magari wenzake walikuwa wakimtania, "Wewe mwenzetu unatia maji?" Naye anacheka, anafurahi. Ndiyo ikawa sifa yake. Watu wakisema fulani anaimba vizuri na fulani ni fundi wa kuezeka, yeye walimtaja kwamba hakuna anayejua kutunza mafuta kama yeye.

Je, kutunza ulichonacho ni kosa? Nawauliza. Baba anayebana matumizi ili watoto wasome, amekosa? Hapana. Hadi hapo mtu huyu hajakosa lolote.

Basi ikatokea asubuhi moja, mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kukaa nao msimu ule wa kuvuna, akaamka anahema. Alianza kama mtu aliyepanda kilima, halafu ikawa kama mtu anayekimbia, ilhali alikuwa ameketi kitandani. Wakamshika wakampeleka zahanati. Muuguzi akamsikiliza kifua, akatoka nje, akawaambia mtu na mkewe kwa sauti ya chini:

"Hapa sina mtungi wa hewa. Mama anahitaji hospitali ya wilaya, tena anahitaji sasa. Msipitie nyumbani kuchukua nguo. Nendeni."

Wakampakia. Mama akawekwa kiti cha nyuma, ameegemea kifuani kwa binti yake. Yule bwana akawasha gari, na jicho lake la kwanza likaenda kwenye mshale wa mafuta. Ulikuwa katikati. Akakumbuka kwamba juzi watu waliotoka mjini walisema pampu zimekauka. Akajisemea moyoni: kwenda tutafika, lakini tutarudi na nini?

Angalieni jambo hilo. Mgonjwa yumo garini, hata kijijini hawajatoka, naye ameshaanza kufikiria safari ya kurudi.

Walipoanza kupanda mlima, wakakuta mbele yao lori la mbao. Nyote mnajua lori la mbao likipanda mlima. Linakwenda kama linahesabu mawe, linatoa moshi mweusi, na nyuma yake huoni kitu. Bwana yule akajipanga nyuma yake. Pikapu ikawa inababaika, inapanda gia nyepesi, inashindwa, inashuka, inapanda tena. Kwenye kiti cha nyuma mama alikuwa akivuta pumzi kwa sauti, kama msumeno kwenye ubao mbichi.

Mkewe akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "Baba Atukuzwe, mpite."

Akajibu, "Nikimpita kwenye mwinuko huu nitakanyaga mpaka chini, na mafuta yote yataishia hapa. Mama Atukuzwe, subiri. Kule juu njia inapanuka, atatuachia."

"Mama anaishiwa pumzi."

"Nasikia."

Kisha wakafika mahali barabara imenyooka. Dereva wa lori, Mungu ambariki, akatoa mkono dirishani akawapungia: piteni, mbele ni kweupe. Yule bwana akatoka upande wa kulia, akakanyaga. Na gari, ndugu zangu, likafanya kama lilivyoundwa. Likatupa gia nyepesi, likashuka kwenye ile nzito, likanguruma, likajikusanya, na pua yake ikalifikia lori, ikalipita gurudumu la nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu alinunue, alihisi nguvu iliyokuwamo ndani yake.

Lakini pia aliusikia ule mngurumo. Kwa miaka yote ile mngurumo ule kwake ulikuwa na maana moja tu: mafuta yanakwisha. Mguu ukainuka wenyewe. Hakuuamuru. Alikuwa ameuzoeza hivyo, nao ukafanya kazi yake. Gari likalegea, lori likawaacha, wakarudi tena nyuma kwenye moshi.

Mkewe akapaza sauti, "Kwa nini umeachia? Kwa nini?"

Aliyemjibia ni mama mkwe. Yule mama, na pumzi yake ya kuokoteza, alimshika binti yake mkono akasema:

"Usimgombeze mwenzio. Mwache baba aendeshe. Analijua gari lake."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Alimtetea mkwewe.

Walifika mjini, nao hawakuchelewa sana. Walifika kama watu wanaofika kila siku. Wahudumu wakaja na kitanda cha magurudumu, daktari akamshika shingoni, akamfunua macho. Halafu akawageukia.

"Poleni sana. Ametutoka, na si muda mrefu. Bado ana joto." Akamtazama yule bwana. "Mlikwama njiani?"

Ndugu zangu, lilikuwa swali la kawaida tu la daktari. Barabara zile watu hukwama. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Akamwangalia mkewe. Mkewe alikuwa ameinama, anamfunga mama yake khanga miguuni.

Akasema, "Hapana, daktari. Hatukukwama."

Alasiri wakaruhusiwa kumchukua. Wakampakia kwenye bodi ya pikapu, wakatandika godoro chini, wakamfunika vizuri. Yule bwana akakaa kwenye usukani akawasha gari, na mshale wa mafuta ukapanda. Yalikuwapo. Mafuta ya kurudia aliyoyaogopea yalikuwapo, tena ya kutosha na kubaki. Kila tone alilomnyima mama asubuhi, sasa lilikuwa limemngoja pale kwenye tangi, limrudishe nyumbani.

Wakatoka mjini. Walipofika kwenye mwinuko, mguu wake ukaanza kukandamiza. Ukakandamiza mpaka chini. Gari likanguruma, likapanda kwa nguvu, vumbi nyuma kama moshi, naye machozi yanamtiririka, anakanyaga tu. Mkewe akanyoosha mkono akamgusa bega. Hakuwa na hasira. Akasema taratibu:

"Polepole, Baba Atukuzwe. Mama hana haraka tena."

Wapendwa, sijawaletea habari za magari. Nimewaletea habari zetu.

Sisi hatujamuua mtu. Kama yule bwana, tuna funguo za kanisa, tunaheshimika, na kila mmoja wetu ana jambo lake analosifiwa. Mmoja anasifiwa kwamba hapotezi muda. Mwingine kwamba hachezewi, akikosewa anakumbuka. Mwingine kwamba ni mtu mkimya, hasemi hovyo mambo ya moyoni. Ni sifa nzuri, na katika tambarare za maisha zinatufikisha. Lakini tumezizoea mpaka siku ya mlima inapofika, siku mtu wetu anapohitaji nguvu zetu zote, tunaanza kukanyaga, tunausikia mngurumo, tunaogopa, mguu unainuka wenyewe.

Baba yako mzee anapiga simu, anasema hajambo, anakuuliza tu utakuja lini. Unamwambia nitajipanga. Unajipangia nini? Mkeo amekuwa akilia chumbani wiki hizi, nawe unajua sababu, na neno moja la nisamehe linatosha. Unaliweka kwa ajili ya lini? Jirani amefiwa na mtoto, umepeleka rambirambi na kuondoka mapema, kwa sababu kukaa na mtu anayelia kunachosha. Hizo nguvu ulizozirudisha nyumbani, umezifanyia nini?

Mungu hakutupa upendo ili siku ya mwisho tumrudishie ukiwa haujatumika. Kristo, siku yake ya mlima ilipofika, hakujibakizia cha kurudia. Alimwaga vyote. Na Baba ndiye aliyemrudisha.

Wala msifikiri anayeumia atapiga kelele. Angalieni, anayepiga kelele bado ana pumzi. Mwogopeni yule anayewatetea. Yule anayewaambia watu, "Mwacheni, ana mambo mengi." Yule anayesema, "Usijali mwanangu, mimi nipo tu." Hapo ndipo pa kukanyaga mpaka chini, gari linywe linavyotaka kunywa. Tukipungukiwa, Mungu tunayemwabudu ndiye huyu aliyewalisha watu jangwani.

Najua tangu nianze kusema, kuna jina limekujia. Umejaribu kulifukuza, limerudi. Tukitoka hapa tutasimama nje kama kawaida, tutasalimiana, tutaulizana habari za nyumbani. Leo usikawie pale nje. Nenda kwa huyo mtu akiwa bado anaweza kukusikia.

Tusimame.