Tangi la Kapama

"Safari ya wengi hupimwa kwa tangi dogo." Fundi wa pikipiki aliwatupia vijana wetu neno hilo walipokuwa wakipanga kwenda Mbeya kwa pikipiki, nao wakanijia kuuliza limetoka wapi. Walikuwa wamefika penyewe. Chanzo chake nakijua, maana nilikuwepo, na aibu yake kubwa ni yangu. Nikawasimulia hivi.

Zamani tulikuwa marafiki watatu wa Sikonge: mimi, Ntandu na Kapama. Kapama alimpenda binti wa Inyonga, jina lake Nyamizi, na wazee wa binti wakakubali kupokea posa. Sharti lilikuwa moja. Katika ukoo ule mposaji huja mwenyewe siku iliyowekwa, aonekane kwa macho, kabla jua halijapita utosini. Akichelewa huhesabiwa kuwa amekataa, na posa hairudiwi.

Tukakaa kwenye benchi la fundi kupanga safari. Mpangaji nilikuwa mimi, kwa sababu pikipiki yangu ndiyo iliyokuwa kubwa. Chombo kikubwa humpa mtu sauti, hata kama kichwa ni kilekile. Nikasema tutajaza mafuta alfajiri, tuingie msituni, na hatusimami mpaka Inyonga. Kila mmoja amwache mwenzake mbali asije akala vumbi lake. Pikipiki ya Kapama ilikuwa kuukuu, tangi lake dogo kama kibuyu cha asali, kwa hiyo tukampanga nyuma.

"Basi mimi nitabeba dumu la akiba," akasema Kapama.

"Dumu la petroli ukweni?" nikamwambia. "Unuke kama kibatari mbele ya mama mkwe?"

Ntandu alicheka mpaka akashika mbavu. Kapama naye akacheka. Dumu likabaki nyumbani.

Jumamosi tukaondoka. Mimi na Ntandu tulifika jua likiwa bado upande, tukapewa maji ya kunawa, tukakaa kungoja. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Nilipotaka kurudi nyuma, Ntandu akasema anakuja tu, ule ndio mwendo wake. Nikakaa tena.

Jua lilipokaribia utosini, shangazi wa binti akatoka nje. Alizizunguka pikipiki zetu, akaitikisa yangu. Mafuta yakasikika yakicheza ndani.

"Wanangu, mwenye posa yuko wapi?"

"Yuko nyuma, mama."

"Ana mafuta?"

Nikalitazama tangi langu.

"Ninyi mmefika na mengine yamebaki, mwenye safari yake hajafika. Safari hii mliipima kwa tangi la nani?"

Nikawasha pikipiki. Nilimkuta Kapama katikati ya msitu akisukuma, shati lake jeupe la posa limekuwa rangi ya udongo. Nilimmiminia mafuta. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma, linaniuma hata leo. Tulipofika, vivuli vilikuwa virefu. Wazee walitukaribisha chakula kwa heshima, kisha wakaturudishia kanga tulizopeleka. Nyamizi hakutoka ndani. Mwaka uliofuata aliolewa Mpanda.

Swali la shangazi, Ntandu alilisimulia kwenye benchi lilelile la fundi. Watu wakalifupisha, likawa methali.

Nilipomaliza, nikawatazama vijana. Walikuwa wameshaniambia watalala wapi na nani atatangulia. Shija peke yake ndiye aliyekuwa hajafungua mdomo.

"Shija, yako ikijaa inakwenda mpaka wapi?"

Akatazama chini. "Haifiki mnapopanga kujaza, babu. Nilitaka kuwaambia nibebe dumu."

Hakuna aliyecheka. Kijana mwenye pikipiki kubwa kuliko wenzake akachukua karatasi ya safari, akaigeuza upande usioandikwa, akamsogezea Shija kalamu.

"Anza wewe," akamwambia. "Safari ya wengi hupimwa kwa tangi dogo."